Waraka kwa Mawakili Wasomi wa Songea

Waheshimiwa mawakili wasomi,

Marahaba. Naitikia kabla hamjanisalimu kwa sababu najua mtanisalimu. Kwenye hilo hamna upungufu hata kidogo. Mzee akiingia ofisini kwenu, iwe ya karibu na mahakama au ya chumba cha nyuma kule sokoni, mnasimama, mnamvutia kiti, mnamwita babu au bibi, mnamuuliza kama mahindi yamekubali mwaka huu. Afisa wa benki hafanyi hivyo, wala mtendaji wa mtaa. Nimeona niwasifu mapema, kwa kuwa huko mbele sifa zinapungua.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Baadhi yenu niliwashika mkono mkiandika herufi za kwanza, na leo najivunia kuona mkono ule ule ukiweka sahihi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuisoma. Sheria sikusoma. Ndiyo maana nina ujasiri wa kuuliza swali ambalo msomi angeona aibu kuliuliza. Mzee anaposindikizwa ofisini kwenu na mwanawe, na mwana ndiye aliyepiga simu, ndiye anayeeleza shida, ndiye anayetoa pesa mfukoni, mteja wenu ni nani?

Ninalo la kuonyesha. Karibu na kwangu anaishi bibi mmoja mjane. Ana shamba la eka tatu pembeni mwa mji, mahali ambapo, walipofyeka yeye na marehemu mumewe, palikuwa pori kabisa, na leo wapima viwanja wanapita na vigingi vyao. Mwaka juzi mwanawe alimpakia kwenye bajaji akamwambia wanakwenda kuweka dole kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Bibi hakushangaa, kila mwenye shamba mkoa huu anajua habari za kujiandikisha kwa mbolea. Walifika ofisini kwa mmoja wenu. Jina sitalitaja, na nawaomba msihangaike kulikisia, kwa sababu nikieleza yaliyotokea humo ndani wengi mtadhani nawasema ninyi.

Bibi anakumbuka kila kitu. Anasema wakili alikuwa kijana mwenye adabu sana. Alimwamkia, akamwagizia soda, kisha akamgeukia mwana akauliza: “Bibi anasikia vizuri?” Mwana akajibu kwamba anasikia kwa shida. Bibi alikuwa anasikia vizuri kabisa. Alisikia hata jibu hilo, akanyamaza kwa kuogopa kumwaibisha mtoto mbele ya mgeni. Kuanzia hapo hakuulizwa tena neno. Wanaume wawili waliongea juu ya kichwa chake, kurasa zikafunuliwa, dole gumba lake likashikwa, likabonyezwa kwenye pedi ya wino, likabandikwa chini ya kila ukurasa. Mwisho akapewa karatasi laini ya kufutia kidole. Soda ile ndiyo malipo pekee aliyoyaonja kutokana na eka tatu.

Nakala ya karatasi hizo aliipata baadaye, baada ya kuzozana na mnunuzi aliyekuja kuweka mipaka. Ameniletea mimi nimsomee. Ni mkataba wa kuuza shamba lake, kurasa nne za Kiingereza. Bibi anajua Kingoni, na Kiswahili anakijua cha kutosha kukukaripia ukainamisha kichwa, lakini Kiingereza hajawahi kukidai. Kwenye ukurasa wa mwisho pana muhuri wenu, na pana yale maneno ambayo ninyi mnayajua kuliko mimi: kwamba mwenye dole amefika mbele ya wakili, kwamba ametambulishwa na mtu ambaye wakili anamfahamu binafsi, kwamba amesomewa na ameelewa. Aliyemtambulisha ni mwanawe. Kwa maneno mengine, anayenufaika ndiye aliyetudhaminia kwamba anayepoteza ndiye mwenyewe. Sikujua kwamba sheria ina ucheshi wa namna hii.

Najua mtakachosema. Mtasema hao ni vishoka, mawakili wa kichochoroni, na kwamba siku hizi mwananchi anaweza kuhakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Nimehakiki. Wakili yule kijana yumo, leseni yake hai. Kishoka angalau hutetemeka akigonga muhuri.

Sasa, kwa kuwa nina muda mwingi na macho bado yananitii, nilikwenda kusoma kidogo. Nimekuta kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 16, imezungumza habari ya jirani yangu kama vile ilimwona. Inasema mtu anahesabiwa kuwa na uwezo wa kutawala utashi wa mwenzake anapofanya mkataba na mtu ambaye akili yake imedhoofu, kwa muda au moja kwa moja, kwa sababu ya umri, maradhi au dhiki. Na pale ambapo mwenye nguvu hiyo amepata mkataba unaoonekana wazi kuwa wa kinyonyaji, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ushawishi usiofaa unamwangukia yeye. Bibi yangu akili yake haina kasoro, atawahesabia madeni ya mtaa mzima. Lakini kama mwana alimweleza wakili kwamba mama hasikii na anasahau, basi wakili alikuwa ameambiwa kwa mdomo wa shahidi kwamba yuko mbele ya mtu ambaye sheria inamlinda. Kengele ililia. Yeye akaomba pedi ya wino.

Nimekuta pia kwamba mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Magazeti yaliandika, wanasiasa walishangilia, sisi walimu wa Kiswahili tulijipongeza kwa chai. Mbona habari hiyo haijafika kwenye kompyuta zenu? Mkataba wa mauziano kati ya mkulima wa Namtumbo na mfanyabiashara wa Mfaranyaki, mashahidi wakiwa balozi wa nyumba kumi na mjumbe, unaandikwa Kiingereza kwa faida ya nani? Nimemuuliza mmoja wenu, akanijibu kwa upole kwamba mfano wa hati aliorithi ofisini ndivyo ulivyo. Hata mfano wa hati nao una mirathi!

Mkono mtupu haulambwi, nalijua hilo. Ofisi ina kodi, ina umeme, ina karani, na ile Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 haikutungwa ili mfe njaa. Simlaumu anayelipwa. Lakini nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale HOMSO, mtazame. Mwana anamleta mama yake, analipia kadi, anaeleza ugonjwa. Daktari anamsikiliza, halafu anampima presha mama. Hajatokea daktari wa kumpima mwana kwa kuwa ndiye aliyelipa. Na mara nyingi utamsikia akisema: “Kijana, hebu tupishe kidogo.” Maneno hayo manne hayamo kwenye shahada ya sheria?

Nisionekane nalia na shamba moja. Uzee una karatasi nyingi, na karibu zote zinapita mezani kwenu. Chukueni wosia. Kanuni za wosia za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka mtu asiyejua kusoma ashuhudiwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Ni kanuni ya zamani, lakini aliyeitunga alijua dunia: watu wa ukoo wana maslahi, watu wa nje wana macho. RITA, wakala wa serikali wa usajili, nao wanaandika wosia na kuuhifadhi, na ni jambo jema. Lakini nimeshuhudia wosia uliobatilika kwa sababu mashahidi wote walikuwa watoto wa mama mmoja, na aliyeuandaa alikuwa msomi mwenye muhuri. Mzee alikufa akiamini amepanga mambo yake. Alichopanga ni ugomvi.

Chukueni usimamizi wa mirathi, ambao ndio unaowaua wajane wetu taratibu. Baba anafariki, kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi anachaguliwa. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ubaoni, fomu inatoka. Kesho yake anatembea mjini kama mwenye mali. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka, ndani ya miezi minne, arudi mahakamani na Fomu Na. V kueleza mali zote na madeni yote ya marehemu, na baadaye atoe hesabu. Wangapi hurudi? Badala yake anakuja kwenu na barua yake ya usimamizi kuuza nyumba ambayo mama mzazi, au mama wa kambo, bado analala ndani yake. Nanyi mnasoma barua, mnaona ni halali, mnachapa mkataba. Mmewahi kumuuliza kama mjane ana habari? Karatasi haiwalazimishi, hilo nakubali.

Hapo pana jambo zito zaidi, na nitalisema polepole. Kanuni zile za mirathi za kimila za 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Someni tena. Mtu aliyeandika hivyo aliamini kwamba kila mama amezaa mtoto mwema. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga kanuni hizo katika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni ni za kibaguzi, kisha ikasita kuzifuta. Walipokata rufaa wakasubiri miaka, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya karatasi. Ikabidi waende mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Wale hawakuwa vikongwe. Lakini kikongwe ndiye anayeonja kanuni hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu hana tena nguvu ya kuanza mahali pengine.

Upande wa ardhi ya kijiji angalau Sheria Na. 5 ya 1999 ilijitahidi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi. Mzee wa kiume aliyechoka, asiye mwanamke, asiye mtoto, na ambaye hajaandikwa popote kuwa mlemavu, hakutajwa. Labda mtunga sheria alidhani wazee ndio wanaonyima, hawanyimwi. Kwa wazee wa enzi ile huenda ilikuwa kweli.

Na tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halina tena uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sina ugomvi na hilo. Mabaraza ya kata yalikuwa na mambo yake. Lakini kwa mzee maana yake ni nauli, ni kulala mjini kwa ndugu asiyemtaka, ni tarehe inayoahirishwa kwa sababu wakili wa upande wa pili ana kesi Mahakama Kuu. Kuna mzee mmoja aliniambia kwamba ameahirishiwa mpaka amesahau anadai upande gani wa mto.

Cha kufurahisha ni kwamba katika Baraza la Wilaya, kwa mujibu wa sheria, mwenyekiti hakai peke yake. Anakaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na maoni yao lazima yatolewe. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo na hukumu kwa sababu tu maoni ya wazee hao hayakusomwa mbele ya wadaawa, kesi zikaanza upya kabisa. Sheria yetu, basi, inamjali mzee kweli kweli, alimradi ameketi upande wa meza. Akiketi upande wa benchi, akiwa mdaawa, anaweza kumaliza shauri zima bila kuulizwa kama amesikia.

Serikali siiachi. Katiba, ibara ya 11, inazungumza habari ya haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, halafu ibara ya 7 inatuambia kwamba mambo ya sehemu hiyo ya Katiba hayadaiwi mahakamani. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, nzuri, yenye maneno matamu, na sheria ya kuipa meno tumeendelea kuingoja. Wenzetu Zanzibar walianza pensheni ya wazee wote waliofikisha miaka 70 mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Na mwaka 2020 wakatunga sheria yao ya mambo ya wazee. Fedha si nyingi, lakini Mzanzibari wa miaka 72 anapata kitu kwa kuwa ni mzee tu, bila kuwa na mtoto mwema. Sisi watumishi tunabaki na kikotoo cha pensheni: mwaka 2018 tuliambiwa mkupuo ni asilimia 25, tukalia, ikasitishwa, mwaka 2022 ikawa 33, mwaka 2024 ikapanda tena kidogo. Na mkulima, ambaye ndiye Songea yenyewe, hana hata kikotoo cha kulilia.

Nirudi kwenu, maana Dodoma ni mbali na ninyi mko hapa. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na baadaye Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikazunguka mikoa, wetu ukiwamo. Wazee walijipanga na mifuko yao ya nailoni yenye karatasi za tangu ukoloni, na wengi wenu mlijitolea, mkawasikiliza bila kuangalia saa. Niliona kwa macho yangu na niliona fahari. Kwa hiyo mnaweza. Ila hema likishakunjwa, mzee yule yule akija ofisini Jumatatu bila mtu wa kumlipia, anaambiwa wakili yuko mahakamani.

Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika Mahenge, hapa hapa mjini, kwenye makumbusho, kuwakumbuka mababu walionyongwa mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji. Mnakuja mmevaa vizuri, mnasimama kwa heshima. Mnafanya vyema. Wale ndio wazee wa Songea ambao hawahitaji tena wakili, na ndio tunaowapenda kuliko wote.

Ninachowaomba hakigharimu chama chenu hata shilingi, wala hakisubiri Bunge. Mzee akiletwa, mtoeni nje aliyemleta, mfunge mlango, mumuulize mwenyewe kwa Kiswahili, au kwa Kingoni kama mnaye wa kutafsiri asiye wa ukoo: umekuja kufanya nini hapa? Akijibu “mbolea”, kazi yenu imekwisha, na ada mrudishieni aliyeitoa. Hati iandikwe kwa lugha anayoielewa, isomwe yote na si kichwa cha habari tu, na nakala moja aondoke nayo yeye, mkononi mwake. Kiapo cha mzee kwamba hana mke, huku wajukuu kumi na moja wakimsubiri nje, msikigonge muhuri kabla hamjamuuliza bibi wa hao wajukuu yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haiachi nyumba ya wanandoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na ninyi ndio mliotufundisha hilo redioni. Na mkiona jambo haliko sawa, kataeni. Mtapoteza mteja mmoja, naye ataenda kwa jirani yenu. Basi na jirani naye akatae.

La mwisho ni la kibiashara. Bibi niliyemweleza anatafuta wakili wa kumfungulia shauri la kubatilisha mauzo yale. Sheria ya Ukomo inampa miaka 12 kudai ardhi yake, lakini yeye hana 12 ya kuchezea. Mnunuzi hajajenga, amemwaga tripu mbili za mawe tu, na bibi amepanda mahindi kuyazunguka. Nakala ya mkataba ninayo, mashahidi wapo, na mwana amekwisha kukiri mbele ya balozi. Pesa hana. Yeyote kati yenu atakayelichukua shauri hili aulize Bombambili nyumba ya mwalimu mstaafu, ataelekezwa. Aje peke yake, na azungumze na bibi mwenyewe.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Bombambili, Songea.